Michopo ya Kamalondo, na matabishi yanayokwenda pande mbili

Banda la michopo ninalolitathmini hapa liko mtaa wa Kamalondo, mjini Lubumbashi, Katanga, nchini Kongo. Halina kibao mlangoni, viti vyake ni vya plastiki, na nyama yake ya mbuzi inaishinda kwa mbali ile ya migahawa mingi ya katikati ya mji yenye vitambaa mezani. Sitalitaja jina, kwa sababu nina lawama ya kuandika mbele kidogo, na lawama yenyewe inahusu desturi iliyokwisha kuingia katika nyumba nyingi za chakula mjini humu; si haki nyumba moja ibebeshwe mzigo wa zote. Mwenyeji wa mtaa atalitambua kwa moshi wake.

Kwa msomaji wa mbali, michopo ni nyama ya mbuzi inayochomwa juu ya makala, yaani makaa, ikakatwakatwa vipande vidogo na kuliwa kwa mkono, pamoja na kitunguu kibichi, chumvi na pilipili. Mteja haletewi orodha ya vyakula. Anasimama mbele ya ndoano, anaonyesha paja au mbavu anazozitaka, nyama inapimwa mbichi mbele ya macho yake, kisha inapelekwa kwenye babula kubwa lililotengenezwa kwa pipa la chuma lililopasuliwa kwa urefu. Mchomaji wa hapa ana subira. Pande zima hulilaza kwanza upande ambao moto umekwisha kutulia, likaiva taratibu mpaka mafuta yaanze kudondoka na kuchechemka juu ya makala. Ndipo anapolikata, na vipande anavirudisha penye moto mkali kwa muda mfupi tu, vikauke nje huku ndani vikibaki na maji yake. Mahali pengine nyama hukatwa ingali mbichi ili mteja asisubiri, na anayeharakishwa hivyo hutafuna vipande vigumu kama soli ya kiatu. Hapa unasubiri, na kusubiri kwako kunalipwa. Nyama huletwa juu ya karatasi ya kaki, bukari, yaani ugali, inakuja pembeni, ya mahindi matupu au iliyochanganywa na muhogo kadiri mteja anavyotaka, na pilipili ni ya kusagwa, kavu, kali kweli.

Hayo ya nyama yangetosha kwa tathmini ya kawaida. Lakini jambo linaloitofautisha nyumba hii na nyingine, kwa wema na kwa ubaya, ni namna inavyolitumia neno moja, nalo ni matabishi.

Mizani ikishasomwa, kabla nyama haijaondoka kwenda motoni, mteja wa Lubumbashi hudai cha juu. Nilimtazama mama mmoja aliyenunua kilo ya kupeleka nyumbani. Alimwambia mkataji, kijana ambaye umri wake haukufika nusu ya wake: “Papa, na matabishi yangu?” Kijana alicheka, akajibu, “Mama, nilishaweka,” kisha akanyoosha mkono, akachukua vipande viwili vya ini na mkunjo wa utumbo, akavitupia juu ya nyama iliyokwisha kupimwa. Mama hakushukuru, wala hakutarajiwa kushukuru; alikuwa amepokea kilicho chake. Hiyo ndiyo maana ya kwanza ya neno, na ndiyo inayosikika zaidi sokoni: kile ambacho muuzaji anaongeza juu ya kipimo baada ya bei kukubaliwa. Anayenunua meka, kile kipimo cha kopo, ya unga anaitazamia, anayenunua fungu la nyanya anaitazamia, na muuzaji anayeibania hupoteza wateja hata kama bei yake ni nafuu. Katika jambo hili banda la Kamalondo linastahili sifa zote. Mkataji hangoji kuombwa mara mbili, na anachoongeza si mfupa.

Mlo ukiisha, neno lilelile linageuka na kutembea upande wa pili. Sasa anayetoa ni mteja, na anayepokea ni kijana aliyeleta maji ya kunawa na kufuta meza. Hapo matabishi ni pesa kidogo ya shukrani, ile ambayo Mswahili wa pwani huiita bakshishi. Iko pia maana ya tatu, ambayo haihusiani na nyama: mbele ya dirisha la ofisi, au pale gari linaposimamishwa barabarani, matabishi ni hongo iliyovishwa adabu. Neno moja, basi, linabeba zawadi ya muuzaji, shukrani ya mteja na tamaa ya mwenye mhuri, na wakazi wa mji huu hawachanganyikiwi kamwe, kwa kuwa wanatambua maana kwa kumtazama nani amenyoosha mkono.

Mgeni ndiye anayechanganyikiwa. Mezani petu alikuwapo dereva wa lori wa kutoka Mbeya aliyeingia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mhudumu alipomwuliza kwa upole, “Papa, utatuachia matabishi?”, yule bwana aliweka chini kipande chake cha nyama, akasema: “Kwani ndugu yangu, nimewataabisha nini?” Watu walicheka, lakini kwa sikio la Kitanzania lilikuwa swali la haki. Anayejua kitenzi cha kutaabisha hawezi kusikia matabishi bila kufikiri juu ya taabu, na dereva alidhani anadaiwa fidia. Mzee mmoja wa meza ya jirani alijaribu kumtuliza kwa kumweleza kwamba matabishi ni bakshishi tu, ila watu wa Katanga wamelipotosha neno. Maelezo hayo nimeyasikia pia kwa watu waliosoma, na yanavutia kwa sababu mikia ya maneno hayo mawili inafanana. Hata hivyo si kweli. Maneno haya hayana undugu wowote, na kila moja limetoka bahari yake.

Matabishi limetoka magharibi, kwa Wareno. Kwao ni mata-bicho, maneno mawili yaliyounganishwa: kuua, na mdudu. Kwa asili kilikuwa kikombe kidogo cha pombe kali kinachonywewa alfajiri, tumbo likiwa tupu, ili kumwua mdudu anayelitafuna tumbo. Imani hiyo haikuwa ya Wareno peke yao. Wafaransa nao husema kumwua mnyoo kwa maana ya kunywa kitu kikali asubuhi, na husimulia kisa cha Paris cha mwaka 1519: bibi mmoja wa tabaka la juu alifariki ghafla, mwili wake ukapasuliwa, ukakutwa mnyoo uliotoboa moyo, wakamwekea mnyoo huyo mkate uliochovywa katika divai, naye akafa papo hapo, na watu wakahitimisha kwamba ni busara kuanza siku kwa mkate na divai. Wahispania pia wana mdudu wao wa kuua, ila kwao anauawa kwa kitafunwa. Katika Angola na Msumbiji neno liliiacha pombe na kushika chakula: huko mata-bicho ni chamshakinywa, na watu wametunga kitenzi chake kamili, matabichar, ambacho ukikitumia Lisbon utatambuliwa mara moja kuwa umetoka Afrika. Kwa Mreno wa Ulaya mlo huo wa asubuhi huitwa mlo mdogo wa mchana, na kwa Mbrazili ni kahawa ya asubuhi. Jirani wetu wa upande wa pili wa mpaka wa Angola anapokualika kwa mata-bicho, basi, usiende na matumaini ya kupewa pesa, na wala usichelewe.

Nusu ya pili ya neno, bicho, ina visa vyake. Kwa Mreno ni mdudu au mnyama yeyote mdogo. Katika Puerto Rico, neno hilohilo ni tusi zito la mwili wa mwanamume, na Mhispania anayekwenda huko akilalamika juu ya wadudu hujifunza haraka kuchagua neno lingine.

Wareno walifika mlangoni mwa mto Kongo katika miaka ya 1480, na kwa karne nyingi lugha yao ilikuwa lugha ya biashara katika pwani ile. Kutoka kikombe cha alfajiri hadi pesa ya kununulia kikombe ni hatua fupi, na ndiyo hatua waliyopiga watu wa Ulaya pia katika lugha zao nyingi. Pourboire ya Kifaransa ni ya kunywa, Trinkgeld ya Kijerumani ni pesa ya kunywa, napiwek ya Kipolandi ni ya bia hasa, na gorjeta, ambalo ndilo neno la Mreno wa leo kwa pesa ya mhudumu, limetokana na koo. Mrusi kwa heshima zake hutoa ya chai. Kilingala kikalishika neno kuwa matabisi, kwa maana ya zawadi na nyongeza. Kifaransa cha Wabelgiji waliotawala Kongo kikaliandika matabiche, na katika kalamu zao lilimaanisha mara bakshishi, mara rushwa. Kiswahili cha huku kikabaki na sauti ya sh na kulikalisha vizuri.

Kulikalisha huko ndiko ninakokupenda zaidi. Mreno alianza neno lake na mata, kuua. Msikiaji Mbantu hakusikia kuua. Alisikia ma-, kiambishi anachokijua tangu utotoni kwa ajili ya vitu visivyohesabika kimojakimoja: maji, mafuta, malipo, matumizi. Ndiyo sababu tunasema matabishi yangu, matabishi yamepungua, wala hakuna anayetafuta tabishi moja. Mdudu wa Mreno amefia ndani ya sarufi yetu na hakuna aliyemwona akizikwa.

Bakshishi lina njia nyingine kabisa. Limetoka Uajemi, kwenye kitenzi bakhshidan, ambacho maana zake ni kutoa, kugawa na kusamehe. Maana ya kusamehe bado inaishi katika Kiajemi cha leo: anayemkanyaga mwenzake mguu mjini Tehran humwambia bebakhshid, na hapo hamwombi pesa, anamwomba radhi. Nomino yake kwao inataja zaidi msamaha na ukarimu. Wanapompa mhudumu pesa, Wairani hutumia neno lingine, in'am, lenye asili ya Kiarabu. Katika Pakistan na India mzizi huohuo umo katika majina ya watu, kama Allah Bakhsh, kwa maana ya aliyetolewa na Mungu. Waturuki walilichukua wakaliandika bahşiş kwa maana ya pesa ya mhudumu, na dola yao ikalieneza mpaka Balkani, ambako Waromania wanasema bacșiș. Waarabu wa Misri walilipokea pia, na wasafiri wa Ulaya waliozungukwa na watoto wenye kuomba kando ya mto Nile walirudi nalo makwao likiwa limechafuka: kwa Mfaransa, bakchich mara nyingi ni hongo. Kiswahili cha pwani hakikulichafua. Bakshishi ya Mombasa na Zanzibar ni zawadi ya kazi iliyofanywa vizuri, na kwa hongo Mswahili ana maneno mengine ya kutosha.

Hivyo, neno moja lilianza kwa kusamehe na kuishia, kwa baadhi ya watu, katika rushwa. Jingine lilianza kwa pombe ya alfajiri na kuishia katika vipande viwili vya ini. Wala si ajabu sana kwamba yanakutana Katanga. Kabla Lubumbashi haujawapo, kwani mji ulianzishwa mwaka 1910, Bunkeya, makao ya mfalme Msiri, ilikuwa ikipokea misafara kutoka pande zote mbili: Waovimbundu kutoka upande wa Benguela, pwani ya Angola, na Waswahili kutoka upande wa bahari ya Hindi. Sidai kwamba maneno haya yalisafiri ndani ya mizigo hiyohiyo. Ninachosema ni kwamba nchi hii imezoea tangu zamani kuwa mahali ambapo bahari mbili zinauziana.

Nirudi sasa kwenye banda, maana lawama yangu iko ukutani mwake. Juu ya meza ya mhasibu limebandikwa tangazo lililoandikwa kwa kalamu nene: “Bakshishi, yaani matabishi, ni asilimia 10 kwa meza ya watu sita na zaidi.” Aliyeliandika alitaka kueleweka na wageni wa pwani pamoja na wenyeji, na nia hiyo ni njema. Lakini katika mstari mmoja amefanya makosa mawili. Kosa la maneno nimekwisha kulieleza. Kosa la pili linamgusa mteja mfukoni. Matabishi, kwa maana zake zote mbili za halali, ni kile kinachokuja baada ya hesabu kufungwa na ambacho mwenye kutoa ndiye anayekipima. Mama wa ini hakuandikiwa gramu za matabishi yake; kama zingeandikwa, zingekuwa sehemu ya kilo. Asilimia inayotangazwa kabla ya mlo ni bei, na bei ina jina lake. Mwenye banda angepandisha bei ya nyama kwa kiasi hicho, akawalipa vijana wake vizuri, nisingekuwa na neno.

Nchi nyingine zimelazimika kulitafutia jambo hili sheria, na kila moja imepita njia yake. Ufaransa iliamua, tangu mwaka 1987, kwamba bei inayoonyeshwa mgahawani lazima iwe imekwisha kujumlisha huduma, kwa hiyo anayeacha sarafu mezani anaziacha kwa hiari tupu. Romania, nchi ya bacșiș, imelitia neno lenyewe katika stakabadhi: tangu Januari 2023 mgahawa hutakiwa kumpa mteja hesabu yenye viwango vya kuchagua, kuanzia 0 hadi asilimia 15, ili pesa hiyo ijulikane na kodi. Mimi napendelea njia ya Ufaransa, kwa sababu inamwacha mhudumu na mshahara na kumwachia mteja heshima yake. Lakini hata ile ya Romania imemwekea mteja sifuri kwenye karatasi. Tangazo la Kamalondo halina sifuri. Tulikuwa sita, dereva wa Mbeya akiwamo, na asilimia ilikuwa imekwisha kujumlishwa kabla hatujanawa mikono.

Liko jambo lililonisumbua zaidi ya hilo. Nilimwuliza kijana aliyetuhudumia kama ile asilimia inamfikia. Alitazama kwanza kwenye meza ya mhasibu, kisha akaniambia kwamba inagawanywa mwisho wa juma, “kama imebakia”. Nilimwachia ya kwake mkononi, na nawashauri wengine wafanye hivyo. Ikiwa nyumba inachukua pesa kwa jina la mhudumu, halafu mhudumu analazimika kuomba tena kwa jina lilelile, basi mteja analipa matabishi mara mbili na anayestahili anapata nusu, au hapati kabisa. Hapo neno limeanza kuegemea ile maana ya tatu, ya dirishani, na ingekuwa hasara kulipoteza kwa ajili ya asilimia 10.

Mengine ni ya kupita haraka. Maji ya kunawa ni ya vuguvugu na sabuni ipo. Bia ni baridi. Anayetaka munkoyo, kinywaji cha mahindi kilichochachushwa, hapati kila siku, ila ukipatikana ni mzuri, hauna uchachu wa kupita kiasi. Choo ni safi kuliko nilivyotarajia. Moshi ni tatizo kwa anayekaa karibu na babula, kwa hiyo nguo ya kanisani ivaliwe siku nyingine. Muziki unapigwa kwa sauti inayoruhusu mazungumzo mpaka jioni, na baada ya hapo hauruhusu tena. Nyama ya mbavu ni bora kuliko ya paja, kwa maoni yangu, ingawa mezani petu kura ziligawanyika.

Kuhusu malipo, bei hutajwa kwa franka na dola zinapokelewa, mradi noti isiwe na mpasuko hata mdogo; mhasibu huziinua kwenye mwanga moja baada ya nyingine. Chenji ni shida ya kila mara. Ukimpa noti kubwa utaambiwa kwa tabasamu kwamba hakuna chenji na kwamba uiache iwe matabishi. Njoo na franka ndogondogo, wasiozidi watano mezani, na ufike kabla ya saa kumi na mbili jioni siku ya Jumapili, kwa maana ini ndilo linalokwisha kwanza.